Pumzi na Baruti: Historia Fupi ya "Blow Up"

Ukiskia msee ameblow up, unafaa kuita ambulensi ama kumwomba akuinulie? Inategemea nani anaongea. Kama ni mtangazaji wa habari za saa moja, ita ambulensi. Kama ni dogo wa mtaa anayefuatilia muziki, basi huyo aliyeblow up sasa ana pesa, ana wafuasi, na pengine hatashika simu yako. Kama ni wale vijana wa forex, kuna mtu amepoteza akiba yake yote na usimuulize chochote kwa wiki mbili. Kama ni mpiga picha wa zamani, wale wa studio zenye pazia na maua ya plastiki, basi picha yako ndogo imekuzwa ikatosha kutundikwa ukutani. Na kama ni mama anamsimulia jirani kuhusu mzee wake, jua kuna sahani zimevunjika.

Neno moja, na kati ya maana zake mbili kubwa moja ni kufa na nyingine ni kutajirika. Nimekuwa nikilifuata kwa muda sasa, kwenye kamusi na kwenye vitabu vya historia ya vita, na nimegundua kwamba safari yake inapitia shimo la wachimba mgodi, mfalme mwoga, nguruwe arobaini na mashuzi. Twende polepole.

Tuanze na "blow" yenyewe. Kwenye Kiingereza cha kale, kile kilichozungumzwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kulikuwa na kitenzi "blawan". Kilikuwa kitenzi cha upole: upepo kuvuma, mtu kupuliza, baragumu kupigwa. Hakuna aliyekufa. Binamu yake wa Kijerumani, "blähen", hadi leo maana yake ni kujaa hewa, kuvimba. Wataalamu wa lugha wanalihusisha pia na kitenzi cha Kilatini "flare", kupuliza, ambacho ndicho kiliwapa Waingereza "inflate", na kutoka hapo "inflation". Kwa hiyo unga ukipanda bei, kwa Kiingereza ni kwamba kuna mtu amepuliza uchumi kama puto. Sisi tunasema mfumuko, na mfumuko pia ni kitu kilichotanuka hadi kikaharibika umbo. Watu wa lugha tofauti waliangalia bei ya unga wakaona kitu kilekile.

Lakini hapa kuna mtego. Kiingereza kina "blow" nyingine, ile ya ngumi. Hiyo ni neno tofauti kabisa, lililoingia kwenye maandishi karne ya 15, na halihusiani na upepo. Na kuna ya tatu, ya zamani, siku hizi haitumiki sana, ya ua kuchanua. Maneno matatu ya nyumba tofauti yaliyovaa sare moja ya shule. Weka hilo akilini, kwa sababu mwaka 1605 lilikuja kuokoa maisha ya mfalme, au angalau mfalme mwenyewe alidai hivyo.

Swali lililonisumbua zaidi si "blow". Ni "up". Kwa nini juu? Upepo ukiangusha mti, Mwingereza husema "blow down". Nyumba ikiungua hadi chini, ni "burn down". Ukuta ukibomolewa, ni "tear down". Uharibifu mwingi wa Kiingereza unaelekea chini, na hiyo inaeleweka, vitu vikiharibika huanguka. Huyu mmoja mbona anapanda?

Ili kujibu, lazima twende chini ya ardhi.

Kabla ya baruti kufika Ulaya, jeshi lililotaka kuangusha ngome lilichimba. Unachimba handaki hadi chini ya ukuta, unaushikilia kwa nguzo za mbao usikuangukie, halafu ukimaliza unazichoma nguzo na kukimbia. Mwaka 1215 Mfalme John wa Uingereza aliizingira ngome ya Rochester, kusini mashariki mwa London, ambako mabwana walioasi walikuwa wamejifungia. Watu wake walichimba chini ya pembe moja ya mnara. Kisha mfalme akaandika barua akiagiza aletewe nguruwe 40, wanono kabisa, wale wasiofaa sana kuliwa. Hakuwa na njaa. Mafuta ya nguruwe ndiyo yaliyotumika kuchochea moto kwenye handaki. Nguzo ziliungua, na pembe nzima ya mnara ikaporomoka. Ukienda Rochester leo utaona mnara wenye pembe tatu za mraba na moja ya mviringo. Ile ya mviringo ndiyo iliyojengwa upya baada ya nguruwe.

Angalia mwelekeo: ukuta uliporomoka. Ulienda chini.

Baruti ilikuwa imeshagunduliwa wakati huo, lakini kwingine. Wachina walikuwa wameandika juu yake tangu karne ya 9: shura, salfa na makaa, vikichanganywa vizuri. Ilifika Ulaya karne ya 13, na mwanzoni ilitumika zaidi kwenye mizinga. Iliwachukua muda kufikiria kuipeleka kwenye handaki. Aliyepata sifa kwa kazi hiyo ni Mhispania aitwaye Pedro Navarro, ambaye mwaka 1503, huko Naples, alijaza baruti chini ya ngome zilizoshikiliwa na Wafaransa na kuiwasha. Ukuta haukuporomoka tu. Uliruka, pamoja na waliokuwa wamesimama juu yake.

Naamini hapo ndipo "up" ilizaliwa. Sitegemei waraka mmoja wa kuthibitisha, nategemea mpangilio wa mambo: kwa maelfu ya miaka binadamu alijua kuta huanguka, halafu ndani ya karne moja akaanza kuona kuta zinapanda angani. Lazima lugha ingeshtuka. Mwishoni mwa karne hiyo, kwenye miaka ya 1590, "blow up" kwa maana ya kulipua inaonekana kwenye maandishi ya Kiingereza, na ni lugha ya wanajeshi na wachimba mahandaki.

Na "blow"? Hilo sayansi inalielezea vizuri kuliko kamusi. Baruti ikiwa wazi, kwenye sahani tuseme, ukiiwasha inawaka fwaa na kuisha. Haikuui. Kinachoua ni kuifungia. Shura inatoa oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo moto hauhitaji hewa ya nje. Makaa na salfa vinageuka kuwa gesi moto, na gesi hiyo inataka nafasi kubwa mara nyingi kuliko ile iliyokuwa na unga. Ikikosa nafasi, inajitafutia. Mlipuko ni pumzi iliyokosa pa kwenda. Mchimba handaki wa karne ya 16 hakujua kemia hiyo, lakini alipochagua kitenzi cha kupuliza alikuwa amepatia.

Waingereza hawakukaa muda mrefu na neno jipya kabla ya kulitia matusi. Kwenye tamthilia ya Shakespeare *All's Well That Ends Well*, ya mwanzoni mwa karne ya 17, kuna mazungumzo kati ya Parolles, mwanajeshi wa maneno mengi kuliko vitendo, na binti aitwaye Helena. Mada ni ubikira. Parolles anamweleza kwamba mwanamume huuzingira kama ngome, huchimba chini yake, kisha huulipua. Utani unafanya kazi kwa sababu "blow up" ilikuwa na maana zote mbili kwa pamoja: kulipua, na kuvimbisha, yaani kutia mimba. Helena hakubali kuchekwa bure. Anamuuliza kama hakuna mbinu ya kivita ambayo mabikira nao wanaweza kuitumia kuwalipua wanaume. Mimi nikisoma hapo huwa nawaza kwamba huyu dada angetesa sana kwenye X.

Silaha yenyewe nayo ilikuwa na jina la aibu. Chombo kidogo cha chuma chenye umbo la kengele, kilichojazwa baruti na kutundikwa kwenye lango la adui, kiliitwa "petard", kutoka kitenzi cha Kifaransa "péter". Maana yake ni kujamba. Yaani wahandisi wa kijeshi wa Ulaya, na kofia zao na panga zao, walikuwa wanabeba mashuzi kwenda vitani. Kazi ilikuwa hatari kwa aliyeibeba kuliko kwa lango, maana utambi ulikuwa wa kubahatisha. Hamlet ndiye aliyeligeuza hilo kuwa msemo, pale anapofurahia wazo la mhandisi kurushwa na petard yake mwenyewe. Sisi tunasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wachimbaji tena. Kuna kitu kuhusu kuchimba ambacho hakiaminiki katika lugha zote mbili.

Sasa 1605.

Uingereza ilikuwa na mfalme mpya, James wa Kwanza, aliyetoka Scotland. Wakatoliki walikuwa wametumaini angewalegezea kamba. Walikuwa wakitozwa faini kwa kutohudhuria kanisa la serikali, na mapadri wao walikuwa wakiwindwa. Hakulegeza. Kundi la watu 13 likiongozwa na Robert Catesby likaamua kwamba dawa ni kumlipua mfalme pamoja na Bunge zima siku ya kulifungua. Walikodi ghala chini kabisa ya ukumbi wa mabwana pale Westminster, wakaingiza mapipa 36 ya baruti na kuyafunika kwa kuni. Kumbuka waliwaza juu kwa chini, kama Navarro. Aliyepewa kazi ya kuwasha utambi alikuwa Guy Fawkes, mtu wa York aliyejifunza vita akipigania Uhispania, na ambaye hapo ghalani alijiita John Johnson, jina la uongo la kivivu kuliko yote.

Tarehe 26 Oktoba, bwana mmoja Mkatoliki, Monteagle, akapokea barua isiyo na sahihi. Ilimwonya asihudhurie Bunge, kwa kuwa Bunge hilo lingepata "blow" kali na wala lisingeona aliyeliumiza. Barua ikafika kwa Robert Cecil, waziri mkuu wa mambo yote ya siri, na siku chache baadaye ikawekwa mbele ya mfalme.

Hapa ndipo yale maneno matatu yenye sare moja yanafanya kazi yake. Mwandishi wa barua aliandika "blow" kama nomino, ile ya ngumi, ya pigo. Ukiisoma kawaida ni "Bunge litapata pigo". Inaweza kuwa chochote, kuanzia uasi hadi uvamizi hadi adhabu ya Mungu. Lakini taarifa rasmi iliyotolewa baadaye inasema James aliisoma akasimama kwenye neno hilo. Pigo ambalo hutamwona anayekupiga? Hiyo si ngumi. Hiyo ni upepo. Hiyo ni baruti. Akaagiza ghala zipekuliwe, na usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba Fawkes akakamatwa akiwa na utambi.

Wanahistoria wengi wanashuku kwamba Cecil alikuwa ameshaelewa na akamwachia mfalme sifa, maana wafalme hupenda kuonekana werevu. Inawezekana sana. Lakini mimi kuna kitu kinanifanya nimwamini James kidogo. Baba yake mzazi, Lord Darnley, alikuwa amelala kwenye nyumba moja ya Edinburgh, Kirk o' Field, usiku wa Februari 1567. Nyumba hiyo ililipuliwa kwa baruti kutoka chini. Maiti ya Darnley ilipatikana nje, shambani, bila alama za moto, na inaonekana alinyongwa akijaribu kutoroka. James alikuwa mtoto wa miezi minane hivi. Mtu aliyekua na hadithi hiyo kama hadithi ya kwao nyumbani, ukimwandikia "blow", ataenda kuangalia chini ya sakafu. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.

Mwisho wa kina Catesby ni wa kusikitisha hadi unakaribia kuchekesha. Walikimbia hadi nyumba iitwayo Holbeche, huko Staffordshire. Baruti waliyobeba ililowa mvua njiani. Wakaitandaza mbele ya moto ikauke. Cheche ikaruka. Catesby aliungua, na mwenzake John Grant akapofuka. Kwa kuwa ilikuwa wazi, haikuwa na kifungo, nyumba haikuruka. Iliwaka fwaa, kama nilivyosema. Asubuhi watu wa serikali wenye silaha walifika, Catesby akapigwa risasi akafa. Fawkes na wengine walinyongwa mwezi wa Januari uliofuata.

Kila tarehe 5 Novemba Waingereza wakaanza kuchoma sanamu za matambara zilizoitwa "guy". Jina likahama kutoka sanamu hadi kwa mtu yeyote aliyevaa vibaya, likavuka bahari kwenda Marekani, likawa mwanamume yeyote, halafu mtu yeyote. Kila mara ukiingia kwenye kikundi cha WhatsApp na kusema "guys, mko?" unawaita kwa jina la mtu aliyetaka kulipua Bunge. Nimewahi kumwambia hivyo rafiki yangu anayefanya kazi za uanaharakati, akasema afadhali sasa linaeleweka.

Maana zilizofuata nitazipitia haraka. Hasira ilikuja karne ya 19, na haikuhitaji ubunifu, kwa sababu kila lugha inajua kwamba kifua ni chungu chenye kifuniko. Picha ilikuja kwenye miaka ya 1930 hivi, na hiyo si ya baruti, inatoka kwa puto: picha inapulizwa hadi inavimba. Ila hata huko kifo kilifuata. Filamu ya Michelangelo Antonioni ya mwaka 1966, inayoitwa *Blow-Up*, ni ya mpiga picha wa London anayekuza picha aliyoipiga bustanini, akaikuza tena, na tena, hadi kwenye chembechembe nyeusi na nyeupe anaona bunduki na maiti. Kadiri anavyoikuza ndivyo inavyozidi kuharibika. Ni neno moja likifanya kazi zake mbili ndani ya chumba kimoja cha giza.

Umaarufu ndio unaotuhusu zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo maana tuliyoipokea mtaani tukaipa viambishi vyetu: ameblow, atablow, wacha tublow pamoja. Ilitoka kwa Wamarekani weusi, na hip-hop ndiyo iliyoisafirisha. Watu hubishana kama ni puto au ni bomu. Wa puto wanasema msanii anavimba, anakuwa mkubwa. Wa bomu wanasema anasikika ghafla na kila mtu anageuka. Kwangu ushahidi mzito uko kwenye "Juicy", wimbo wa Notorious B.I.G. wa mwaka 1994. Ndani yake anafananisha kufaulu kwake na mlipuko wa World Trade Center, yaani lile bomu la Februari 1993 lililotegwa kwenye maegesho ya magari chini ya jengo na kuua watu sita. Chini ya jengo. Kama Westminster. Baada ya Septemba 2001 redio nyingi zilianza kuyafuta maneno hayo. Utani ulikuwa uleule, ila jengo sasa lilikuwa limeanguka kweli, na ghafla watu wakasikia maana ya kwanza ndani ya maana ya pili.

Kuna wazee wa Kiswahili wanaoumia vijana wakisema "ameblow", kwamba tunaharibu lugha. Ningependa waniambie "bomba" ni nini. Wareno walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, miaka ileile ambayo Waingereza walikuwa wanaandika "blow up" kwa mara za kwanza, walituachia neno "bomba". Kwa Kireno bomba ni vitu viwili: pampu na bomu. Sisi tulichukua pampu na mfereji. Halafu, bila kumuuliza mtu, vijana wa Dar na Nairobi wakaanza kusema "iko bomba", "mtoto bomba", kumaanisha kitu kizuri mno. Hewa, mlipuko, sifa: njia ileile, kwa neno la watu wengine.

Na hata hatukuhitaji Wareno. Chukua kitenzi chetu wenyewe, "vuma". Upepo unavuma. Nyuki wanavuma. Na mtu akiwa maarufu tunasema nini? Jina lake limevuma. Habari isiyo na uhakika ni uvumi, upepo mtupu wenye miguu. Kiswahili kilitoa sifa kwenye pumzi bila kupita kwenye baruti kabisa. Na kwa kuwa wahenga walikuwa watu wa kuona mbali, wakaongeza kwamba ngoma ivumayo haidumu. Ngoma ya ngozi walimaanisha, lakini siku hizi ngoma ni wimbo, na ukiangalia chati za wiki iliyopita na za wiki hii utaona methali haijachakaa.

Wa forex nao wamerudi kwenye asili bila kujua. "Nimeblow account." Hapo puto na bomu ni kitu kimoja. Unaweka shilingi 10,000, broka anakukuzia nguvu mara 100, sasa unacheza kama mwenye milioni. Hilo ni puto. Bei ikisogea asilimia moja tu kinyume chako, 10,000 zako zimeisha. Hilo ni bomu. Na si vijana wa bedsitter pekee. Mwaka 1998 mfuko wa Kimarekani uitwao Long-Term Capital Management, wenye washindi wawili wa Nobel ya uchumi ndani yake, ulikopa na kukopa juu ya mtaji wake hadi benki kubwa zikalazimika kuchanga dola bilioni 3.6 ili usianguke na kuangusha wengine. Wenye digrii pia hublow account. Tofauti ni kwamba wao walichangiwa.

Lakini ninapotaja 1998 hapa Nairobi, hakuna anayefikiria mfuko wa Kimarekani.

Wengi mnaosoma hii hamkuwa mmezaliwa tarehe 7 Agosti mwaka huo. Ubalozi wa Marekani ulikuwa kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, mahali ambapo sasa kuna bustani ya kumbukumbu ambayo watu hupita nje yake wakielekea kituo cha magari. Kwanza kulikuwa na risasi na mshindo mdogo. Watu maofisini, kwenye majengo ya jirani, wakaenda madirishani kuona kuna nini. Kisha bomu lenyewe. Vioo viliwakuta wakiwa wameviegemea, na ndiyo maana wengi walipoteza macho. Jengo la Ufundi likaporomoka lote. Watu 213 walikufa Nairobi na 11 Dar es Salaam, wengi wao watu ambao hawakuwa na lolote na Marekani. Walikuwa kazini, au kwenye basi, au darasani.

Nikisoma taarifa za Kiingereza za siku hiyo na za siku nyingine kama hiyo, kuna kitu kuhusu "blow up" ambacho sikukiona hadi nilipokitafsiri. Kiingereza hutumia umbo lilelile kwa anayelipua na kinacholipuka. "They blew up the building." "The building blew up." Kitenzi hakibadiliki hata herufi. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo. Lazima uchague: kililipuka, kililipuliwa, au walikilipua. Ukisema "lipuka", umesema kilifanya chenyewe. Ukisema "lipuliwa", umeacha kiti kitupu, na msikilizaji ataangalia nani alikikalia.

Kuhusu Agosti 1998 hatukubishana: ulilipuliwa. Lakini angalia ajali zetu nyingine. Septemba 2011, kijijini Sinai pale Lunga Lunga, mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba, yakaingia kwenye mtaro unaopita kati ya nyumba za mabati, watu wakaja na mitungi, moto ukashika. Watu wapatao 100 walikufa. Yalilipuka. Tarehe 1 Februari 2024, karibu saa tano na nusu usiku, lori la gesi likashika moto mtaani Mradi, Embakasi, na mpira wa moto ukaonekana kwenye simu zetu zote kabla ya saa sita. Watu zaidi ya 200 walijeruhiwa na wengine wakafa. Lililipuka, tulisema, na kila niliyeongea naye alisema hivyo, pamoja na mimi. Asubuhi mamlaka ya kawi ikatangaza kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mwaka uliotangulia, sababu mojawapo ikiwa ni wingi wa watu wanaoishi karibu. Siku chache baadaye maafisa wa mamlaka ya mazingira wakasimamishwa kazi, kwa sababu kibali kingine kilikuwa kimetolewa. Kwa hiyo usiku ule kulikuwa na mtungi, lori, dereva, mwenye ploti, karatasi moja iliyokataa na nyingine iliyokubali, na kitenzi ambacho sote tulikichagua bila kufikiria, chenye "k" katikati.